Kengele ya Mkanda, Kutoka Kwaluguru Mpaka Mazinde

Wenzangu wa bombani mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja nimemjibu nusu. Mwajuma nilimwambia safari ilikuwa ndefu tu. Mama Salehe nilimwambia mgonjwa anaendelea. Yote mawili ni kweli na yote mawili si jibu. Nimeona niandike mara moja, anayejua kusoma awasomee wengine. Elimu yangu mnaijua ni ya darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nilikuwa nasikiliza mvua kuliko mwalimu. Nikikosea mahali, nisahihisheni. Na nikimsema mtu vibaya, mjue sikukusudia, kila niliyekutana naye njiani alikuwa na sababu yake.

Kilichonipeleka

Mdogo wangu Hamisi mnamjua, na gari lake dogo mnalijua. Mkewe Zaina ni mtu wa Mazinde, kule mbele ya Mombo. Mama yake Zaina alikuwa amekuja kwetu kumwona mjukuu. Siku ya kumrudisha Hamisi akasema mama mkwe wake hapandi magari ya watu, atampeleka mwenyewe. Kiti cha nyuma kilijaa magunia ya mahindi, na pembeni ya magunia akajibana Zaina na mtoto. Mama akakaa mbele.

Desturi yetu ya mkwe siwezi kuwafundisha ninyi. Mwanamume hampi mkono mama mkwe wake, hali naye sahani moja, hamkazii macho, na wakikutana kwenye kijia yeye ndiye anayeingia majanini. Siku hizi wengine wanacheka mambo hayo. Hamisi hachekagi.

Basi gari lilipoondoka alfajiri, kengele ya mkanda ikaanza, ile ti-ti-ti, kwa sababu mtu amekaa mbele na hajafunga. Hamisi hakuweza kumwambia mama mkwe "funga mkanda," maana huko ni kumwamrisha. Hakuweza kumfungia, maana mkono wake ungepita kifuani pa mama. Zaina na mtoto wote walikuwa wamesinzia pembeni ya magunia. Na ile kengele inaendelea kumpigia kelele mgeni wa heshima kama vile amekamatwa na kitu cha wizi. Hamisi alikuwa na kile kiulimi cha chuma ambacho madereva wengi wanacho, kinakatwa kwenye mkanda wa gari bovu. Ukikichomeka pale pa kufungia, gari linadhani mtu amejifunga, linanyamaza. Akasimama pembeni, akageuza uso dirishani, akapapasa kando ya kiti bila kutazama, akachomeka. Kukawa kimya, wakaenda kwa adabu zao.

Mbele ya Makuyuni mbuzi wakakatiza barabara. Hamisi akakanyaga breki. Gari halikugonga kitu chochote, mbuzi wote walivuka salama na mchungaji wao hakuwa na kosa. Lakini mama alitoka kwenye kiti chake. Kichwa kilipasua kioo cha mbele na nyonga ikavunjika.

Zaina alikaa na mama yake hospitalini, kisha akaenda naye Mazinde pamoja na mtoto, na hakurudi. Tukipiga simu anapokea Yusufu, kaka yake mkubwa, anasema, "Wapo," anakata. Yaliyotufikia kwa midomo ya watu ni kwamba kule Mazinde inasemwa Hamisi alichoshwa na kelele, akaziba mkanda wa mama mkwe ili asikie redio yake vizuri.

Hamisi akaacha kuendesha. Gari likakaa uani na kuku wakalifanya banda lao. Siku moja nachambua mchele akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Dada, nenda wewe."

"Mimi nikaseme nini?"

"Uniulizie kama naruhusiwa kwenda kumwomba mama msamaha. Na uniulizie kama mke ninaye."

Baba hatunaye, na baba mdogo miguu imemvimba hata chooni anapelekwa. Nikaenda mimi. Kwa mgonjwa nikabeba mkeka mpya wa ukindu niliousuka mwenyewe. Sikujua kama nafaa kutumwa, na mpaka sasa naandika sijui.

Kwaluguru mpaka Handeni mjini

Kipande hiki nilikipita kwa bodaboda, nimekaa upande na mkeka umesimama kama bunduki. Mvua ilikuwa imenyesha na kwenye korongo maji yalikuwa bado yanapita. Tukasubiri yapungue, sisi na wenye baiskeli na mama mmoja mwenye ndoo ya maembe mabichi, ambaye alitugawia na chumvi. Dereva akaniuliza naenda wapi, nikamweleza kwa ufupi, akatikisa kichwa.

"Ndiyo maana mimi sitaki gari, mama. Gari inakusema-sema njia nzima. Pikipiki yangu haina kengele. Ukilala unaanguka, hiyo ndiyo kengele yenyewe."

Wenye baiskeli wakacheka. Mimi nilicheka pia, halafu nikajiona mbaya. Nilikuwa nimetumwa kwa msiba wa nyonga na ninacheka korongoni.

Handeni mpaka Korogwe

Handeni nilipata gari dogo la kuchangia. Dereva alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya rangi ya samli, mcheshi, akaniweka mbele kwa ajili ya mkeka. Nilipokaa nikaona mgongo unagusana na kitu. Ulikuwa ni mkanda, umepitishwa nyuma ya anayekaa na kufungwa tayari. Kengele haikulia. Nikaufungua ili nijifunge, na papo hapo ikaanza: ti-ti-ti.

"Mama, hiyo usiiguse," dereva akasema. "Imeshafungwa."

"Kimefungwa kiti."

"Sasa si kiti ndicho kisichotakiwa kuruka? Rudisha, tafadhali."

"Nataka kujifunga mimi, baba."

Akapunguza mwendo, akanitazama kwa masikitiko kabisa. "Kwani umeniona nimelewa?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Anayefunga mkanda kwenye gari yangu ananiambia nitamwangusha. Watu hawa nawabeba kila siku, muulize mmoja kama ameshatoka na mkwaruzo. Mke wangu mwenyewe hafungi."

Mama mmoja wa nyuma, mwenye kapu la dagaa mapajani, akasema, "Mkeo hajawahi kupanda hii gari, tunamjua. Anapita kwa miguu anakupungia."

Gari zima likacheka na dereva akacheka kuliko wote. Na mimi, niliyeona kwa macho yangu kioo kilichopasuliwa na kichwa cha mtu, nikaurudisha mkanda nyuma ya mgongo wangu. Niliona haya. Sikumwogopa yule mtu hata kidogo, niliona haya tu kumharibia ucheshi wake mbele za watu. Nimeliwaza jambo hili njia yote ya kwenda na ya kurudi, na ndilo lililonifanya nisiweze tena kumsema Hamisi kwa sauti kubwa.

Kusema haki, aliendesha vizuri. Hakukimbia, na penye watoto wa shule alipiga honi mapema. Tulipopita Sindeni tairi likatoboka. La akiba nalo halikuwa na upepo, ikabidi liombewe pampu kwenye nyumba za mbali. Tulikaa kando ya barabara mpaka jua likahama. Dereva akanunua mahindi ya kuchoma akagawa kwa wote, akaninong'oneza, "Mama, hukunikasirikia?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi kula," akanichagulia la punje nyororo.

Tulipokaribia Korogwe lori lililotoka mbele likatuwashia taa mara mbili. Dereva akashtuka kama mtu aliyesahau chungu jikoni. Akauvuta ule mkanda wake wa mgongoni, akaupitisha juu ya kichwa ukalala kifuani.

"Na wewe, mama. Haraka. Ushike hapo kama kamba ya mkoba."

Nikafanya. Askari wa barabarani akainama dirishani, akatuona tumevaa vizuri, akatutakia safari njema. Tulipolipita daraja mkanda ukarudi mgongoni. Mama wa dagaa akasema, "Tumeshamfurahisha." Nami nikawaza kwamba kweli, tulimvalia yeye.

Korogwe mpaka Mazinde

Korogwe nilikula wali na maharage kwenye kibanda karibu na stendi, na nilikaa sana kwa sababu kila gari lililoenda Mombo lilikuwa limejaa. Watu waliniuliza mkeka nauzaje. Nikachoka kukataa. Mama mwenye kibanda naye akauliza, nikamwambia siuzi, nampelekea mgonjwa Mazinde.

"Mgonjwa wa kutembea?"

"Wa kitandani."

Akafuta meza ambayo ilikuwa safi. "Ni mkeka mzuri," akasema, akaenda zake nyuma. Niliona tu kwamba nimesema kitu kisicho sawa, nikadhani labda Kiswahili changu cha kwetu hakikumfikia. Laiti ningemfuata jikoni nimuulize.

Mwisho nilipata nafasi kwenye pikapu iliyobeba kamba za katani. Dereva alikuwa mzee mkavu, mashavu yameingia ndani. Nikamwamkia, akaitika, "Marahaba, mwanangu, panda." Tukaondoka, na kengele ikaanza. Safari hii nilijifunga kabla ya kuomba ruhusa. Haikunyamaza.

"Mzee, inalia."

"Najua. Wewe umeshafunga, inanililia mimi."

"Hufungi?"

"Nikifunga inanyamaza. Ikinyamaza nalala." Akaendesha kidogo. "Zamani alikuwa anapanda mke wangu, mama yao watoto, hapo ulipokaa. Alikuwa na maneno! Kutoka Korogwe mpaka Same hamezi neno. Sasa hayupo. Nikawa nasinzia. Siku moja niliamka niko ndani ya mkonge, miba imeingia mpaka dirishani. Tangu siku hiyo naiacha iseme."

"Na ukigonga, mzee?"

"Nitagonga niko macho."

Kila sentensi niliyoiunda kichwani ilikuwa ya kumfundisha mzee. Tulipita Makuyuni. Nilitafuta mahali palipotokea lile jambo, lakini barabara haina alama, ni lami tu na mbuzi wengine wanakula pembeni. Kisha Mombo, milima upande wa kulia imevaa mawingu, na mkonge umepangwa mistari mpaka macho yanauma. Kengele ilikuwa inalia muda wote huo na nadhani nilikuwa nimeacha kuisikia. Mzee alipozima gari Mazinde ndipo nilipohisi masikio yamekuwa matupu.

"Msalimie mgonjwa," akasema. Akauangalia mkeka, akafungua mdomo, akaufunga. Akaondoka na kengele yake.

Mazinde

Yusufu alikuwa mlangoni anachonga mpini wa jembe kwa panga. Ni mtu mpole wa sura, na salamu alizimaliza zote, za watoto, za shamba, za mvua. Kisha akasema:

"Hamisi hayupo?"

"Amenituma."

"Na baba mdogo wenu?"

"Miguu imemvimba."

"Kwa hiyo kwa jambo la mama yetu mmemtuma mwanamke." Hakupandisha sauti. "Sikutukani, dada. Nauliza tu ili nijue mmelipima uzito gani."

Nikasema hatukuwa na mwingine. Akakubali kwa kichwa, na nadhani aliniamini. Kisha akauona mkeka.

"Na huo?"

"Wa mama. Mpya, nimesuka mwenyewe."

Panga likasimama. "Mama hawezi kukaa. Yuko kitandani, anageuzwa. Unamletea mkeka mpya wa nini? Wa kumtolea?"

Hapo ndipo nilipomwelewa mama wa kibanda, na mzee wa pikapu. Kwetu mkeka mpya ni wa kumkalisha mtu tunayemheshimu. Kwao, mkeka mpya ukiingia nyumba ya mtu asiyeinuka, umekuja kumsubiri afe. Au pengine si kwao wote, pengine hata huku kwetu wapo wanaoona hivyo na mimi tu sikufundishwa. Nilisimama nao mkononi, sijui niuweke wapi. Nilitamani niulaze chini, nikaona kuulaza ndiyo vibaya zaidi.

Zaina alitoka jikoni, mtoto mgongoni. Amekonda. Akanishika mkono, akasema, "Wifi, umekonda," nami nikasema, "Ni wewe." Tukaishia hapo. Tukaletewa ugali wa muhogo na mchunga. Mchunga ni mboga chungu na mimi naipenda, lakini siku ile nikawa najiuliza kama wameichagua makusudi. Si haki kuwaza hivyo. Ilikuwa mboga ya siku ile, na wao walikula hiyohiyo.

Sauti ikatoka chumbani. "Nani anayekula kimya hivyo?"

"Watu wa Kwaluguru, mama," Yusufu akajibu.

"Aingie. Na huo mkeka wake mnaougombania."

Chumba kilinuka dawa ya kuchua. Mama alikuwa amelala chali, kovu limemshuka kutoka nyweleni mpaka kwenye nyusi. Macho ni yaleyale, ya utani. Nikapiga goti, nikamwamkia. Nikaanza maneno niliyokuwa nimeyapanga, kwamba Hamisi hakuziba mkanda kwa sababu ya redio, kwamba aliona haya, kwamba hakuweza kumwamrisha wala kumgusa. Nikawa narudia.

"Polepole," mama akasema. "Unamtetea nani? Mimi nilikuwemo."

Nikaketi sakafuni, naye akaendelea.

"Kile kilio nilikijua tangu kilipoanza. Mkanda najua kuuvaa, wanangu wana gari? Hawana, lakini nimepanda. Nilikuwa naunyosha mkono niuvute, nikaona mkwe anasimamisha gari, anahangaika kando ya kiti changu, uso ameupeleka dirishani, jasho linamtoka. Nikajikunja upande wa mlango ili mkono wake usinikute. Alipomaliza, kukawa kimya. Sasa nimwambie nini? Nimwambie, mkwe, ondoa kitu chako ulichonitulizia, nataka kujifunga? Si nitakuwa nimemvua nguo?"

Yusufu alikuwa amesimama mlangoni. "Mama, hukutuambia hivyo."

"Mliniuliza? Mlikuja mmeshakasirika."

Zaina akaanza kulia palepale alipokuwa, bila sauti. "Ni mimi niliyemwambia mama akae mbele," akasema. "Yeye alitaka nyuma na magunia. Nikasema haiwezekani, mama mzazi akae na magunia. Na nikalala. Ningekuwa macho ningemfungia mimi."

"Haya, sasa kila mtu ameshika kipande chake," mama akasema. "Mnivunjie na nyonga ya pili mgawane vizuri."

Hakuna aliyecheka. Nadhani alitaka tucheke.

Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikauliza la kwanza, kama Hamisi anaruhusiwa kuja kuomba msamaha.

Mama alitazama paa. "Simchukii. Mwambie hivyo kwanza, asije akasikia mengine kabla. Lakini aje anione nini? Hivi nilivyolala? Naoshwa, nageuzwa, nafungwa vitambaa. Mkwe anaingiaje chumba hiki? Na mimi kutoka siwezi. Msamaha wa mkwe unaombwa mama amekaa, amejifunga khanga yake, naye amekaa kule, wamepeana ubavu. Huo ndio msamaha. Wa kitandani ni wa kuagana."

"Kwa simu je, mama?"

"Kwa simu!" Akageuza uso ukutani, nikajua nimesema upuuzi.

"Siku nitakayokaa, aje," akasema. "Huo mkeka usimamisheni pale kwenye kona, msiukunjue. Nitaukalia siku hiyo. Yusufu, usinitolee macho, mkeka uliosimama hauchukui mtu."

Yusufu akauchukua kwangu kwa mikono miwili, akausimamisha.

Nilimwuliza pembeni kama daktari amesema atakaa. Akasema daktari amesema tusubiri. Akaongeza, "Nilisema nawe vibaya pale nje, dada." Nikamwambia hakusema vibaya. Na kweli, angekuja mtu mzima mwanamume pengine yangesemwa mengine. Au yasingesemwa haya, maana asingeingia chumbani. Sijui.

Asubuhi Zaina alinisindikiza mpaka barabarani. La pili nilikuwa bado nalishikilia mdomoni.

"Wifi, amenituma niulize kama mke anaye."

Akamhamisha mtoto upande mwingine wa mgongo. "Mama akikaa, nitarudi."

"Na asipokaa?"

"Wifi, usiniulize hivyo. Mimi namgeuza kila siku. Nikimwacha, nani atamgeuza, Yusufu?" Akatazama magari. "Kile kiulimi ameshakitoa?"

Nikasema sijui, sikumuuliza. Niliona jibu lile limemuumiza kuliko yote niliyokuja nayo.

Kurudi

Kurudi hakukuwa na vituko. Nilipata gari mpaka Korogwe, lingine mpaka Handeni, dereva wa kwanza alifunga mkanda wake na hakusema kitu juu yake, wa pili hakuwa na mkanda wala kengele, vimeng'olewa vyote. Mvua ilirudi. Nilinunua machungwa nikayasahau kwenye gari.

Handeni nikashuka nikitafuta bodaboda, nikaona gari la Hamisi limeegeshwa mbele ya maduka, kioo bado kina ule ufa wenye umbo la mizizi. Kinyesi cha kuku hakikufutwa chote. Hamisi alikuwa ndani, mikono kwenye usukani. Hakuwa ameendesha tangu siku ile. Alikuwa amesikia mvua, akajua korongo limejaa, akaona pikipiki haitanivusha.

Hakushuka. Alifungua tu mlango wa mbele, ule wa upande wa kiti kile. Nikakaa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Umechoka?"

"Nimechoka."

Akawasha gari. Kengele ikaanza kulia, ti-ti-ti, kwa ajili yangu. Nikaangalia kando ya kiti. Pale pa kufungia palikuwa wazi. Nikafikiri Zaina angependa kuona hivi, halafu nikafikiri Zaina haoni.

Hamisi hakuniambia nifunge. Mimi ni dada yake mkubwa, hawezi kuniamrisha. Lakini hakuondoka pia. Alitazama mbele, anasubiri, na mvua inapiga bati la juu. Hakuuliza habari za Mazinde. Nikajua kwamba nikijifunga itanyamaza, na ikinyamaza itabidi niseme. Niliiacha ilie. Iliendelea hivyo muda, tumekaa wawili, kila mmoja anatazama ule ufa.

Mwisho nikauvuta mkanda, nikaufunga. Kukawa kimya.

Nikamwambia yote kama nilivyoyaandika hapa, bila kuongeza. Kwamba mama hamchukii. Kwamba msamaha upo, ila ni wa siku mama atakayokaa, na Zaina atarudi siku hiyohiyo. Kwamba daktari amesema tusubiri. Kwamba mkeka umesimama kwenye kona.

Hakulia. Alifuta kioo kwa kiganja, upande wake na upande wangu, ingawa mvua ilikuwa nje.

"Dada," akasema, "kukaa wamesema kukaa mwenyewe tu? Hata akiegemezwa mto?"

Nilikuwa nimelala nyumba ile, nimepiga goti kando ya kitanda kile, nimeuliza mpaka habari ya simu. Hilo sikuuliza.